Mlango wa Maabara ya Kuvu

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mheshimiwa Makamu Mwenyekiti, Mheshimiwa Kaimu Makamu uliye likizo, waheshimiwa wakurugenzi na wenzi wenu, wataalamu wa udongo, wadau wa mizizi, shemeji yangu mkandarasi, dereva wangu, na nyinyi mama zangu wa kitalu cha miche mlioketi kule juani: itifaki imezingatiwa, na niliyemsahau ajipigie makofi mwenyewe. (Makofi hapa na pale.)

Nimesimama mbele ya mlango huu wenye utepe mwekundu nikiwa na furaha isiyo kifani, kwa sababu leo, katika fesi ya kwanza, au awamu kwa lugha ya nyumbani, ya mpango mkakati shirikishi wa uwezeshaji wa kuvu, tunazindua maabara itakayowatambua kwa vinasaba, yaani DNA, wale kuvu wanaoishi na mizizi ya mimea, wakiitafutia maji na chakula cha udongoni na kulipwa sukari, ujirani mwema ambao mimi binafsi ndiye muasisi wake. (Kicheko. Mkurugenzi mmoja anaandika.) Zamani mtu alichungulia kwa hadubini akabahatisha; sasa unasaga kipande cha mzizi, unatoa vinasaba, mashine inavirudufu, inavisoma, inavilinganisha na vya kuvu wanaojulikana, na mhusika anatajwa kwa jina, apende asipende. Utafiti nilioufanya ndani ya gari nikija hapa unaonyesha usahihi wa asilimia mia moja na kumi na mbili. (Makofi.)

Najua mama mmoja wa kitalu ana swali. Miche yake yote imekauka isipokuwa safu moja iliyostawi, na anataka kujua ni kuvu gani aliyeiokoa, ili ampandikize kwenye miche mipya kabla mvua hazijaanza, la sivyo msimu umempita. Mama, ondoa shaka. Safu yako uliyoing'oa yote, kwa kuwa tulikwambia sampuli pungufu haipokelewi, niliipokea mwenyewe, nikakuta mizizi imejaa udongo na vinyuzi vyeupe vya kutia aibu. Mgeni rasmi, yaani mimi, haonyeshwi uchafu. Nikaagiza isuguliwe kwa brashi, sabuni ya unga na dawa ya madoa, na sasa ile pale mezani, inameremeta. (Wataalamu wanashika vichwa. Mmoja anasema, "Mheshimiwa, vile vinyuzi ndio kuvu wenyewe.") Hoja imepokelewa, itaundiwa kamati. (Mtaalamu anaongeza kwamba ndani ya mizizi huenda wamebaki wachache wanaoweza kutambuliwa, mashine ikiwasoma leo hii. Mama wa kitalu anachukua mche mmoja mezani na kuelekea mlangoni.) Mnaona? Huo ndio mwitikio wa wadau!

Kwa kumalizia, tuitikie kwa pamoja. Kuvu! (Kwanza!) Mizizi! (Mbele!) Namshukuru shemeji yangu aliyeng'oa mlango huu bafuni kwake na kuuegemeza kwa ustadi kwenye ukuta wa ghala la magodoro, ili fesi ya kwanza isikose taswira; mashine, chumba na paa vimo katika fesi zijazo, wafadhili wakipatikana. (Mama wa kitalu anavuta kitasa. Mlango wote unamfuata.) Taratibu, mama, dada yangu hajaoga tangu asubuhi. Na wewe nakushukuru kuliko wote, maana safu yako ya miche ndiyo kitu pekee katika mradi huu kilichokuwepo kweli.