Kiti cha Alida na Maili Hamsini

Jumatatu, 7 Oktoba 2013

Kwa jina la Mungu Mwenyezi, Muumba wa mbingu na nchi, ambaye pasipo idhini yake hakuna gurudumu lizungukalo. Amani iwe kwako wewe utakayeyafungua maandishi haya baada yangu, na kwa jamaa yako yote. Mimi ni Harmen Veldhuis, mzee wa kanisa hapa Zeeland, Michigan, mwalimu wa katekisimu, na mwenye gari dogo la petroli na umeme ambalo mwezi uliopita lilikwenda maili hamsini kwa galoni moja. Nayasema haya bila majivuno.

Habari njema leo. Derk, mwana wetu wa pekee, amepiga simu kutoka South Bend. Binti yake Tessa, mjukuu wetu wa kwanza, atabatizwa Jumapili hii, ibada ya saa nne asubuhi. Kwa muda mrefu Derk amekuwa akizungumza na mama yake tu. Simu ikiniangukia mimi, huuliza hali ya hewa, kisha huaga. Safari hii alinitaka mimi. Akaniambia tuje, tena tusisahau gauni.

Gauni ni la ubatizo, la kitani cheupe, lililovuka bahari pamoja na bibi wa mke wangu Alida, kutoka Friesland, Uholanzi. Hakuna mtoto wa ukoo ule aliyebatizwa bila kulivaa. Alida alilitoa sandukuni, akalikunjua kitandani, akalia. Mimi nilitazama dirishani kwa kitambo.

Taabu ni moja: nyonga ya Alida. Kiti cha gari letu ki chini mno, na safari ile kwake ni mateso. Anaomba kiti kiinuliwe, kiwekwe na mto wa kupasha joto. Ombi la haki. Lakini vyuma vya kuinulia! Nyaya! Na joto lile litatoka wapi kama si kwenye petroli? Maili hamsini zitapona vipi?

Jumanne, 8 Oktoba

Nilitoka na Lammert Boersema kuzuru nyumba za waumini. Kila majira ya majani kupukutika wazee wa kanisa hutoka wawili wawili, gari moja, kuuliza kila jamaa habari za roho zao. Lammert ni mzee mwenzangu na pia baba wa Nelda, mke wa Derk. Kwa hiyo Tessa ni mjukuu wake vilevile. Nimelikubali hilo.

Lisilokubalika ni kwamba alinunua gari kama langu, rangi ileile. Leo, nyumbani kwa akina Hoekstra, baina ya swali la sala ya jamaa na kahawa, alitamka kwamba lake linakwenda maili hamsini na moja na nusu. Nilimwuliza kwa upole kama huendesha kwenye miteremko peke yake. Hapo akakitaja kiti. Sijui nani alimwambia.

“Mzee mwenzangu,” akasema, “ukishamwekea Mama Derk kile kiti cha enzi, utashuka mpaka arobaini na tano. Heri umnunulie farasi.”

Akina Hoekstra walicheka. Hata bibi mkongwe, ambaye tulikuwa tumekwenda kumfariji.

Nimeazimu. Kiti kitainuliwa. Lakini kila ratili itakayoingia garini, ratili moja itatoka.

Jumatano, 9 Oktoba

Gereji wamemaliza. Kiti ki juu, ki imara, kina joto. Alida aliketi, akanyoosha miguu, akatabasamu tabasamu ambalo sikuliona tangu kiangazi. Akasema sasa angeweza kufika hata Friesland.

Baada ya chakula nilianza kutoa. Tairi la akiba. Jeki. Kiti chote cha nyuma. Mazulia. Kitabu cha maelezo ya gari, ambacho ni kizito kuliko mtu anavyodhani. Vyote nilivipima kwenye mizani ya bafuni, na kwa neema ya Mungu vilizidi uzito wa vile vilivyoingia.

Alida alitoka uani, akauliza gauni litatundikwa wapi ikiwa hakuna nyuma. Nikamjibu kwamba atalipakata. Akauliza tena, je, tairi likipasuka? Nikamkumbusha habari za maongozi ya Mungu. Naye akanikumbusha habari za misumari.

Alhamisi, 10 Oktoba

Siku ya aibu. Hewa inayoingia kwa mbele hulizuia gari. Hili ni jambo linalojulikana. Basi asubuhi niliyaziba matundu ya mbele kwa boksi gumu na utepe wa gundi. Kazi safi. Hata majirani hawakugundua.

Injini ndiyo iliyogundua. Tulipokuwa tukiingia kwa mjane Zwiers, mimi na Lammert, mvuke ulipanda kutoka chini ya boneti kama sufuria ya supu. Mjane alidhani tumekuja na moto, akatuletea ndoo. Lammert alilipachua boksi, akaligeuza huku na huku, akayasoma kwa sauti maandishi ya upande wa ndani: “Ndizi. Weka mahali pa baridi.” Kisha akanipa pipi ya mnanaa, kama ampavyo mtoto wakati wa mahubiri marefu. Niliipokea.

Kwenye kioo cha dashibodi: arobaini na nane. Nimehuzunika sana.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimeamka na fikira ambayo naamini si yangu mwenyewe. Petroli nayo ina uzito! Mtu hujaza tangi hadi juu, kisha huchoma petroli ili kuibeba petroli. Upumbavu wa dunia nzima, wala hakuna aliyeukemea.

Hivyo nimetia ya kwendea tu. Tutakaa kwa Derk hadi Jumatatu, na ya kurudia nitainunua hukohuko. Siku ya Bwana katika nyumba yetu hapanunuliwi kitu, maana anunuaye humtia mwenzake kazini; lakini haja hiyo haitatokea.

Alida aliuliza kwa nini nisiongeze kidogo, kwa tahadhari. Nilimweleza kwamba tahadhari nayo ina uzito. Akaendelea kupiga gauni pasi.

Jumamosi, 12 Oktoba

Tulikuwa tuondoke adhuhuri, tulale kwa Derk. Lakini upepo! Unatoka kusini, mkali, na kusini ndiko tuendako. Miti yote ya mtaa wetu imeinama kutulekea. Kulitia gari ndani ya upepo ule ni kutupa maili sita kwa kila galoni. Na redio imetangaza kwamba kufikia alfajiri utageuka, utoke kaskazini, utusukume mgongoni. Nikaamua tuondoke kesho kabla ya jua. Muda utatosha.

Alida alikuwa amesimama mlangoni na koti lake, sanduku la gauni mkononi. Hakubisha. Alifungua koti, kifungo kimoja kimoja, akalitundika.

Baadaye kidogo Lammert na mkewe walisimama mbele ya nyumba yetu, safarini kwenda kulekule, begi limefungwa juu ya paa la gari. Juu ya paa! Alipoona hatuendi, alishuka. Nilijitayarisha kwa dhihaka.

“Twende pamoja, Mzee,” akasema. “Mke wangu ataendesha, Mama Derk atakaa mbele. Mimi na wewe tutabanana nyuma, tutachungana.”

Nilimshukuru, nikakataa. Sikutaka kuingia South Bend nikiwa abiria wa gari lile. Alida alilitazama mpaka likakata kona, na hata baada ya hapo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Jana sikuandika, kwa kuwa ilikuwa Siku ya Bwana. Naandika leo, jikoni kwa Derk, wengine wakiwa wamelala.

Tuliondoka gizani. Upepo ulikuwa mgongoni kama ulivyoahidiwa. Hamsini na mbili. Hamsini na tatu. Hamsini na nne! Nilimwonyesha Alida kwenye dashibodi. Alisema naam. Alikuwa amelipakata sanduku kama mtu aliyepakata mtoto.

Karibu na mpaka wa Indiana daraja lilikuwa limefungwa kwa matengenezo. Vibao vya kutuelekeza vilitupitisha katikati ya mashamba ya mahindi, mashariki, kisha mashariki tena. Mshale wa mafuta ukaanza kulala. Nilizima redio. Nilizima kipasha hewa. Nilizima na joto la kiti chake, nalo naliandika hapa kwa uchungu. Petroli ikaisha, tukaendelea kwa umeme. Umeme nao ukaisha. Gari lilisimama kimya kando ya barabara.

Ng’ambo ya barabara palikuwa na kituo cha mafuta. Kimefunguliwa. Taa zinawaka. Muuzaji ameegemea mlango, anakunywa kahawa.

Alida alikitazama kituo, kisha akanitazama mimi. Nilimwambia kwamba leo ni Siku ya Bwana na mimi ni mzee wa kanisa. Nikashauri tumpigie Derk. Simu yake ilikuwa imezimwa, maana wakati ulikuwa umekaribia. Ya Lammert pia. Nikashauri tuombe.

“Baba Derk,” akasema, “tairi nilinyamaza. Jana, upepo, nilinyamaza. Leo mwanangu ananingoja. Nipe mkono nishuke.”

Nikampa mkono. Akavuka barabara na nyonga yake ile. Tangu tuoane mwanamke huyu hajanunua hata mkate Siku ya Bwana. Nami niliyageuzia mahindi uso wangu ili nisiwe shahidi. Nilimsikia akirudi, hatua moja nyepesi, hatua moja nzito, na dumu likigonga goti.

Nilipokuwa namimina, ndipo neno lilipoingia moyoni. Kazi za lazima na kazi za huruma zimeruhusiwa siku ile. Limo katika mafundisho yetu. Nimewafundisha watoto wa watu, nikawasimamisha, wakalikariri mbele yangu. Ningeweza kuvuka barabara ile mimi mwenyewe, kwa dhamiri safi, wala mke wangu asingebeba kitu.

Tulifika wakiimba wimbo wa mwisho.

Tessa alikuwa amekwisha kubatizwa, amefunikwa shali ya sufu ya mama yake Lammert. Derk alitukuta mlangoni, mtoto begani.

“Tumekungojeni nyimbo tatu, Baba,” akasema. “Mchungaji hakuweza zaidi ya hapo. Ni tairi?”

Nikamwambia ni petroli.

Aliitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu aliyeambiwa jambo alilolijua tangu zamani. Kisha akamgeukia mama yake, akamkumbatia, na hapo ndipo Alida alipolia.

Katika chumba cha nyuma walimvika mtoto gauni ili apigwe picha. Lilimwenea vizuri mno. Kisha tukala mikate yenye nyama ya paja, na kahawa. Lammert aliketi karibu nami. Nilimngoja aniulize nimepata maili ngapi. Hakuuliza. Alinisogezea sahani. Naapa ningependa zaidi anicheke.

Alida amesema atabaki huku wiki kadhaa kumsaidia Nelda. Hakuniuliza, alinijulisha. Narudi Zeeland leo peke yangu.

Jumapili iliyopita haitarudi. Mtoto hubatizwa mara moja tu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nyumba ni tupu. Nimepika supu ya njegere, nikaila nimesimama. Usiku nanyoosha mkono upande wa pili wa kitanda, nakuta shuka baridi. Nimeungama mbele za Mungu kiburi changu, mambo ya upepo na mambo ya tangi, na nimeungama kwa machozi ya kweli.

Na tazama rehema yake! Mchana huu Derk amepiga simu, na alinitaka mimi. Hakuuliza hali ya hewa. Alisema Jumamosi ijayo mama yake atapika, Nelda ataoka mikate ya lozi, na mtoto sasa anamtambua mtu kwa sauti. Anataka aitambue na yangu.

“Njoo tu, Baba,” akasema. “Ila njoo mapema. Chakula ni saa sita.”

Ilinibidi niiweke simu juu ya meza nipanguse macho. Mwanangu amenifungulia mlango kwa mara ya pili, jambo ambalo wazazi wengi hawalipati.

Tangi nimelijaza mpaka juu. Nimejifunza.

Jambo moja tu sikumweleza Derk kwa kirefu. Jumatatu, niliporudi bila Alida, dashibodi ilionyesha hamsini na sita. Hamsini na sita! Dereva peke yake, mwendo wa pole, mkono mwepesi. Lammert hajapata kuiona nambari hiyo. Na iwapo nitaziacha barabara kuu, nipite njia za mashambani, nisizidishe maili thelathini na tano kwa saa, na kuliachia gari liserereke kila penye mteremko, sitini haiko mbali. Sitini, ndugu yangu.

Kwa hiyo, nilipoishika simu tena, nilimshukuru Derk kwa moyo wangu wote, nikamwambia wale tu, wasiningoje.

Mungu mwenye rehema akubariki wewe usomaye haya. Ailinde jamaa yako, wakubwa kwa wadogo. Awafikishe nyote mwendako wakati mlango ungali wazi. Amina.