Kasi ya Kioo cha Simu Isitumike kwa Waume

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Teknolojia,

Natumaini u mzima. Mimi ni karani mstaafu, na kwa heshima zote ninakulalamikia.

Wiki iliyopita uliandika kwamba kioo cha simu hujichora upya mara mia na ishirini kwa sekunde. Picha huteleza vizuri, ila betri huliwa. Ukashauri tuweke mpangilio wa kujirekebisha: kioo kikiguswa kiende mbio, kikitulia kishuke hadi mara kumi. Kosa langu ni kumsomea mke wangu makala hiyo kwa sauti. Ni fundi cherehani, anashona sare za shule hapo sebuleni, na jambo likimwingia kichwani halitoki.

1. Siku hiyohiyo alisimamisha cherehani, akanitazama nilivyojinyoosha kwenye kochi, akauliza kwa upole kwa nini achoke kwa kasi ya mia na ishirini kwa ajili ya kitu kisichosogea.

2. Chai hainifuati tena. Nikiita, naitikiwa baada ya shati zima kupigwa pasi.

3. Nimejaribu ujanja. Natikisa mguu, nakunja gazeti na kulikunjua, nakohoa. Anasema hayo ni matangazo, na kioo chenye akili hakipandishi kasi kwa matangazo. Maneno hayo hayamo kwenye makala yako, Mhariri, ameyatunga mwenyewe.

4. Majirani wamesikia. Waume watatu wa mtaa huu wako kwenye mara kumi, na mmoja, dereva wa lori, inasemekana amezimwa kabisa.

Silali njaa. Kinachoniuma ni kwamba kwa miaka thelathini na minne mwanamke huyu alikuwa akiinua macho nikiingia, na sasa hayainui. Naona upweke ndani ya nyumba yangu. Chapisha masahihisho, ukurasa wa mbele, kwamba mume halali anastahili kasi kamili, awe amekaa, amelala au amenuna.

Wasalimie wote hapo ofisini, hata mpiga chapa. Wewe mwenye makala nakusalimu shingo upande.

Wako anayefifia kwenye kochi,
Karani Mstaafu

Tanbihi: Usichapishe. Nilipoinuka kutafuta bahasha nilimkuta anahangaika kutia uzi kwenye sindano, macho yamemchoka. Nikamtilia, kisha nikakaa nikashona vifungo sita vya sare, vinne vikiwa vimepinda. Amenitazama, akacheka, akaniita jina alilokuwa akiniita enzi za uchumba. Tafadhali niandikie faraghani: juu ya mia na ishirini kuna ngapi?