Malalamiko Kuhusu Sidii Niliyoichagua kwa Akili Zangu Timamu

Kwa Fundi Mkuu wa duka la kompyuta,

Mwanangu, marahaba, hata kabla hujaniamkia. Kalamu ameshika jirani yangu mshonaji, maneno ni yangu. Mimi darasa nililiona kwa nje tu, nikipita na kuni kichwani. Malalamiko nimeyapa namba ili usiruke hata moja.

1. Kompyuta yangu ilipozima, fundi wako mwenye miwani alisema haijafa, imeharibika mfumo, iwekewe mpya. Nikasema haya. Badala ya kuniambia la kufanya, akanitajia njia tatu: sidii, flashi, au kuushusha mfumo kwa mtandao. Nichague. Kwani daktari wa meno hukuuliza unapenda koleo lipi?

2. Nikachagua kama nilivyochagua mume: aliyekuja na maneno mengi nilimkataa. Mtandao ni hewa. Ukinikosea nitaukamata wapi? Flashi ni kidude cha ukubwa wa ukucha. Kitu kinachoweza kumezwa na kuku hakibebi akili za kompyuta nzima. Nikachukua sidii, pana, inang'aa, mtu unajiona uso. Fundi wako akacheka. Akasema, "Bibi, hiyo imepitwa na wakati." Na mimi je? Mbona bado mnanisalimia?

3. Alinielekeza vizuri, hilo sikatai: tumbukiza, washa, mshonaji abonyeze. Tumetumbukiza mara saba. Inakoroma, inakwaruza, inanyamaza. Basi mlinipa mbovu kusudi, niaibike, nirudi kuomba flashi.

4. Hili ndilo linaloniuma. Binti yangu amejifungua nchi ya mbali. Mtoto ana siku tisa na sijamwona. Simu yangu ni ya tochi, haionyeshi sura ya mtu; mimi na binti huonana kwa kompyuta, kila Ijumaa. Nasikia mtoto kachukua pua yangu. Wanaosema hivyo ni upande wa baba, na ushahidi wao siupokei mpaka nione mwenyewe. Ijumaa ni keshokutwa.

5. Uchafu. Sidii yenu ilikuwa na alama za vidole vya watu wasiopungua watatu. Kwangu chombo cha nje hakilali bila kuoshwa. Niliisugua mwenyewe kwa majivu na waya wa sufuria mpaka ikatakata, na asante sijaisikia.

Kwa hiyo naomba flashi zipigwe marufuku dukani kwako, na huyo wa miwani aje kuniomba radhi. Aje na njaa. Ule wembamba wake unanikosesha raha.

Nisalimie mama yako, mkeo, na mafundi wote, hata aliyecheka.

Ni mimi, bibi wa mlango wa kijani.

Nyongeza: Mshonaji alipomaliza namba tano aliweka kalamu chini, akaipeleka sidii dirishani. Amerudi. Anasema imejaa mikwaruzo kama sakafu iliyoburutiwa kabati, na kwamba akili zake zilikuwa upande uleule niliousugua zaidi. Sijakubali. Ila Ijumaa haimngoji mtu. Mwambie wa miwani aje kesho asubuhi na kile kidude cha ukubwa wa ukucha. Kuku nimeshawafungia bandani.