Sanamu za Ininahazwe katika Dirisha Langu

Makarius Ndayikunda,
Fundi Cherehani,
Nyuma ya Soko, Kasulu.

Kwa Dada yangu mheshimiwa, Mama Ininahazwe,
Kibondo.

YAH: OMBI LA KUMCHUKUA BINTI YAKO PAMOJA NA WATU WAKE WOTE WA UDONGO

Amahoro, Dada. Mimi mdogo wako ni mzima, cherehani nayo ni nzima, na mvua ya maharage imenyesha vizuri. Ningependa kuishia hapo, lakini mambo yamenifika shingoni.

Ulipomleta Ininahazwe akae kwangu asome ualimu, uliniambia, “Huyu mtoto ni mtulivu, hata hutajua kama yuko ndani.” Dada, nimejua. Akitoka chuoni anakanda udongo wa mfinyanzi, anaufungia kwenye mifupa ya waya, anatengeneza watu, kisha anawapiga picha kwa simu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Duka langu lina dirisha moja, na ndilo ninalotungia uzi kwenye sindano. Sasa limekaliwa. Juzi niliinama kutunga uzi nikaambiwa, “Mjomba, samahani, unamzibia Mchungaji jua.” Mchungaji mwenyewe ana kimo cha chupa ya soda. Nikasogea! Mimi, mwenye duka!

2. Kitambaa cheupe cha bitana, nilichokiweka kwa ajili ya koti la harusi la Niyongabo, amekitundika dirishani. Nilipouliza akanijibu kwa adabu, “Jua kali linawaharibu sura, Mjomba. Likipita kwenye kitambaa linaingia taratibu.” Nakiri kwamba liliingia taratibu, kama mgeni aliyepiga hodi. Lakini Niyongabo alikuja kujaribu koti akakuta bitana yake inachuja jua. Nilitegemea agombe, na mimi niungane naye. Badala yake akavuta kiti, akaketi karibu na dirisha, akaomba naye apigwe picha pamoja na mchumba wake.

3. Alimfinyanga Abdalah, muuza misumari wa jirani, ameketi juu ya gunia, kitambi na vyote. Akammulika kwa tochi kutoka ubavuni, na upande wa pili akaweka karatasi nyeupe ili kivuli kisiwe kizito. Picha ikazunguka kwenye simu za soko zima. Kesho yake Abdalah alikuja kwangu na simu mkononi.

“Fundi, nishonee koti kama la huyu.”

Nikamwambia, “Huyu ni wewe.”

“Najua. Lakini yeye limemkaa.”

Dada, lile koti ni kipande nilichokitupa, kimebandikwa kwa gundi. Utu uzima wangu wote nimekuwa nikishona, leo nimeshindwa na gundi.

4. Akanifinyanga na mimi. Miwani puani, pini mdomoni, sawa. Lakini utosini aliniwekea upara ambao sikubaliani nao. Nilipolalamika hakugusa udongo; alisogeza tochi kidogo tu, upara ukaingia kivulini ukapotea. “Sasa je, Mjomba?” Tangu siku hiyo sina amani. Wateja nawapokea nikiwa nimesimama upande wa kushoto wa mlango. Kanisani nimemwomba mzee wa kanisa anihamishe benchi, kwa sababu dirisha la mashariki linanimulika utosi. Akakataa, eti ibada si studio. Imebidi niandae barua kwa kamati ya ujenzi, dirisha lenyewe lihamishwe.

5. Hili ndilo zito. Unajua kwamba Mama yetu hakuwahi kupigwa picha hata moja. Basi binti yako akawa ananiuliza maswali wakati napiga pasi: Bibi alifungaje kitambaa kichwani? Jembe alilibeba bega gani? Akichambua maharage alikunja miguu au alinyoosha? Nikawa namjibu ovyo, nikidhani ni mazungumzo ya kupitisha muda.

Wiki iliyopita nilitoka kununua vifungo. Kuingia dukani, jua la alasiri liko dirishani, na pale kwenye kizingiti cha dirisha ameketi kikongwe mmoja mdogo na ungo wake, mguu mmoja kaunyoosha. Sura ilikuwa haijakamilika, lakini mwanga ulikuwa umemwangukia begani, na lile bega, Dada, lilikuwa lake. Nikavua kofia. Nikamwamkia, “Mama, mwiriwe.”

Nililia mbele ya mteja. Siti, mke wa Abdalah, alikuwa anasubiri gauni lake. Angenicheka ningeelewa. Yeye alinyanyuka akafunga mlango, kisha akaenda kutangaza soko zima kwamba fundi Makarius ana moyo laini. Sasa kila anayekuja anataka nimpunguzie bei.

Kwa hiyo naomba upande basi la kwanza uje umchukue, yeye na watu wake. Ukichelewa, nitawaachia duka watu wa udongo nikalime Kagerankanda, ambako jua la mchana linampiga kila mtu utosini bila upendeleo.

Nisalimie Shemeji, watoto, majirani wa pande zote mbili, na yule jogoo wako asiyejua saa, kama bado hajaliwa.

Ni mimi mdogo wako, mwenye manung’uniko lakini mwenye heshima,

Makarius

N.B. Dada, usimchukue kwanza. Mdomo wa Mama umetushinda. Ininahazwe ameufinyanga na kuufuta mpaka udongo umechoka, ananiuliza, “Bibi alikuwa anachekaje?” Nimejaribu kumwonyesha, akaniambia huo ni mdomo wa mtu anayeumwa jino. Mimi kwa Mama nilirithi masikio tu. Kicheko ulikichukua wewe. Basi njoo, ukae naye hata siku mbili, akutazame. Kukuchekesha niachie mimi.