Mtaalamu wa Majengo, Lodwar na Viunga Vyake

Jumatatu, 4 Agosti

Nimeamka nikiwa mtaalamu. Hadi jana nilikuwa nauza vocha za simu. Basi, imetosha! Nimesoma kwenye simu kwamba huko ng'ambo watu wazima, wenye akili zao, hutembezwa mijini kuonyeshwa nyumba. Nyumba tu! Si simba, si ndovu. Wanatembea kwa vikundi vidogo nyuma ya mtaalamu, naye ananyoosha kidole. Kidole ninacho.

Nimeweka tangazo mtandaoni, na picha yangu: Ereng, Mtaalamu wa Usanifu wa Majengo, vikundi vidogo tu. Dada yangu Abei, mwenye hoteli karibu na stendi, ameuliza kama nimewahi kujenga hata zizi la mbuzi. Nimemjibu kwamba mtaalamu hajengi. Mtaalamu hufafanua. Amenipa sufuria nikaoshe.

Jumanne, 5 Agosti

Wateja! Watu wanne wa Nairobi, wamekuja Lodwar kwa semina na wamebaki kupumzika. Mkubwa wao ni Bi Wanza, mwalimu mstaafu wa hisabati. Ana maswali. Sikutarajia maswali.

Nimeanza na ghorofa lisiloisha karibu na soko. Bi Wanza akauliza kwa nini ngazi zinapanda hadi juu halafu haziendi popote. Nikasema huo ni mtindo wa matumaini. Wakapiga picha. Mwenye jengo akatoka mbio akidhani tumetumwa na benki. Nikamwambia ejok, salamu yetu ya Kiturkana, tukaondoka upesi. Wateja nimewaambia kwamba kuondoka upesi ni sehemu ya ziara.

Kisha tukafika kwenye akai, ile nyumba yetu ya mviringo ya matawi na majani ya mkoma. Nimezaliwa ndani ya akai. Nikajikuta sina la kusema. Ni nyumba. Mlango mdogo. Unainama. Bi Wanza akauliza imefungwaje hata upepo wa hapa usiibebe. Nani anajua mambo kama hayo? Mama ndiye alikuwa akijenga. Mimi nilikuwa nje nacheza.

Baya zaidi: Bi Wanza amesikia kwamba Kakuma kuna Mkongomani aitwaye Mukendi, anayetembeza wageni katika kambi ya wakimbizi. Ana mwavuli na filimbi! Nikasema Mukendi ni mwanafunzi wangu. Sijui kwa nini nimesema hivyo. Sasa wote wanataka kwenda Kakuma.

Alhamisi, 7 Agosti

Bado sielewi leo kumetokea nini. Naandika polepole, huenda nikaelewa.

Tulifika Kakuma asubuhi kwa gari la kukodi. Mpango wangu: kupita vichochoroni ili Mukendi asituone. Lakini vichochoro vya Kakuma! Ukuta wa udongo, bati, ua wa miiba, kona. Ukuta wa udongo, bati, ua wa miiba, kona. Nikapotea. Sikuwaambia. Nikaona ua mkubwa uliofagiliwa vizuri, viti vimepangwa, bati jipya linang'aa. Nikatangaza kwamba hii ndiyo nyumba tuliyoifuata.

Mwenye nyumba, Mzee Gai, Msudani Kusini mrefu kama mnara wa simu, akatupokea kwa mikono miwili kana kwamba alikuwa akitungoja. Kumbe jina langu limefika mbali! Akatuketisha mbele. Chai ikaja. Nyama ikaja. Akasimama akasema maneno mengi kwa Kiarabu cha Juba, lugha ambayo sijui hata salamu yake, kisha akanitazama kama anayeuliza. Nikadhani anataka kujua kama tumeipenda nyumba.

"Sawa kabisa!" nikasema.

Wazee waliokaa kando yake wakanong'onezana. Akauliza tena, kwa sauti zaidi.

"Sawa kabisa! Hata mara mbili!"

Vigelegele! Wazee wakaruka juu. Bi Wanza akaninong'oneza kwamba hajawahi kuona watu wanaopenda majengo kiasi hiki. Hata mimi sijawahi. Mlangoni alisimama msichana, Nyakim, binti wa mzee, machozi yanamtoka. Nikadhani ni moshi wa jikoni.

Ndipo likaingia kundi jingine, limevaa vizuri. Mbele alikuwa kijana aitwaye Bol, jasho linamtiririka. Kando yake, mkalimani mwenye mwavuli. Mukendi! Alinitambua kutokana na picha ya tangazo.

"Papa Ereng, unafanya nini humu? Hapa haiko nyumba ya kuangalia. Iko posa!"

Posa ya Nyakim. Bol hana ndugu hapa, kwa hiyo alikuwa ameahidi kuleta msemaji na marafiki wa kutoka Nairobi. Mzee Gai aliwaona watu wa Nairobi, akamwona mtu anayenyoosha kidole. Basi. Na mimi nimekubali mahari yote aliyotaja, kisha nikaiongeza mara mbili. Ng'ombe! Nimegawa ng'ombe wa watu!

Bol akakaa chini mchangani, na suti yake. Mzee Gai akasema neno la msemaji halirudi. Mukendi akatafsiri kwa raha zake. Nikamtazama Nyakim. Haukuwa moshi.

Nikasimama.

"Mzee, mimi si msemaji wa mtu. Wala si mtaalamu. Kuhusu nyumba sijui kitu. Hata hapa nilipo sijui ni wapi. Nimepotea tangu asubuhi."

Mukendi akatafsiri. Halafu Mzee Gai akacheka mpaka akashika kiti. Akasema mtu asiyejua alipo hawezi kumfunga mwenzake. Mazungumzo yakaanza upya, na Bol. Sisi tukahamishiwa nyuma, karibu na mbuzi. Yalipokwisha Mukendi akapuliza filimbi, na wateja wangu wote wakamfuata. Wote!

Ijumaa, 8 Agosti

Bi Wanza amepiga simu. Posa imekubaliwa, Nyakim anacheka. Amenishauri niende kwa mama, nijifunze akai inavyojengwa, kisha niwatembeze watu nikiwa na la kusema. Amesema ziara hiyo angerudi kuifanya. Nimemwambia nitafikiria.

Nimefikiria. Mama yuko Namoruputh, na nikifika tu atanituma maji.

Jumapili, 10 Agosti

Habari zimefika Lodwar, lakini zimefika kichwa chini. Watu wanasema Ereng alisimama mbele ya wazee wa Kakuma, akasema maneno machache, posa ikapita. Sijamsahihisha mtu. Baada ya ibada amenijia Lokiru, jirani yetu muuza makaa. Anataka kuoa msichana wa kule Katilu na hana msemaji. Nimemwambia ana bahati, amempata mtaalamu.

Abei ameuliza kama nalijua hata jina la baba wa msichana. Wanawake na mambo madogo!

Tunaondoka Jumanne. Nimeazima koti. Lokiru ana wasiwasi, anauliza tutawajibu nini wazee wale. Nimemwambia atulie. Wakiuliza lolote, nitakubali.