Jinsi Mama Mkwe Anavyofeli Mtihani

Jumatatu, 3 Juni

Nimefeli. Mara ya sita! Mtihani wa udereva umenishinda palepale pa siku zote: kurudi nyuma katikati ya koni. Mbili nimezilaza. Ya tatu nimeiburuza chini ya gari hadi mbele ya meza ya mtahini. Akaitazama koni, akanitazama mimi, akaandika. Afadhali angenitukana.

Na Ijumaa ndiyo mwisho. Tajiri wa kiwanda chetu cha mikate amesema gari jipya halitamngoja mtu. Miaka saba napakia kreti za mikate nyuma ya gari. Nataka kukaa mbele! Nisipopata leseni Ijumaa, atatafuta dereva mwingine.

Lakini si hilo lililonifanya nishike kalamu. Mama mkwe naye kafeli. Ndiyo, mama mzazi wa mke wangu, tunayekaa naye, muuza mayai, miaka sitini na miwili. Kachoshwa na wachukuzi wanaomvunjia trei, kaamua kuendesha mwenyewe. Leo ni mara yake ya tisa. Tisa! Akamshukuru mtahini na kumuuliza jino lake linaendeleaje. Tulipofika nyumbani nilijitupa kitandani na viatu vyangu, uso ukutani. Yeye anakula. Nasikia kijiko. Kaongeza!

Jumanne, 4 Juni

Mke wangu kanikumbusha kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nimemjibu kwamba koleo lililovunjika si lake. Hajanisemesha tangu hapo.

Nimeamua kujijengea moyo wa chuma. Mpango: niyazoee maumivu. Nimemwomba shemeji, kaka wa mke wangu, anikosoe kwa nguvu zake zote nikiwa nimekaa kwenye kigoda, kifuniko cha sufuria mkononi kama usukani. Nilidhani atasitasita. Loo! Kumbe alikuwa na akiba. Alianza na uendeshaji wangu, akahamia kwenye mavazi, akaingia kwenye hotuba niliyotoa siku ya harusi yangu. Dakika ya nne nilimrushia kifuniko. Anasema zoezi limekwenda vizuri sana na yuko tayari kuendelea kesho.

Kifuniko kilimpita shemeji, kikaenda kutua kwenye mayai ya mama mkwe. Trei nzima! Nikafumba macho nikingoja kelele. Nilipofumbua, alikuwa kachutama anaokota yaliyonusurika, anatangaza kwamba leo hakuna atakayelala njaa nyumba hii. Kisha akaenda zake kuoga. Huyu ni mtu wa namna gani? Mimi ningelia mpaka Alhamisi.

Jumatano, 5 Juni

Mtihani tena. Koni sikuzifikia. Gari limenizimikia mara nne langoni. Ya saba hiyo!

Mama mkwe kafeli ya kumi, kwa kosa moja tu. Kioo. Nikasema leo lazima atapasuka. Nikamfuata kwa mbali, najificha nyuma ya magari kama mwizi wa taa. Akaingia choo cha uwanja wa mtihani, kidaftari cha bluu mkononi. Dakika tano. Akatoka uso umelowa maji, anacheka na mlinzi.

Kwa hiyo siri imo daftarini! Usiku huu sitapata usingizi.

Alhamisi, 6 Juni

Nimeliiba. Sijivunii. (Najivunia kidogo.) Lilikuwa kwenye mkoba wake, chini ya kanga. Nilitarajia dua, dawa, maneno mazito ya wahenga. Wapi! Kila mtihani una ukurasa wake:

“Mara ya tatu. Klachi nimeiachia haraka. Nimelia chooni. Kesho klachi.”

“Mara ya saba. Nimegonga ukingo wa barabara. Nimelia sana. Kesho ukingo.”

“Mara ya kumi. Kioo cha kushoto sikukitazama. Nimelia kidogo. Kesho kioo.”

Hata Jumanne imo: “Trei moja. Nilitaka kumtia kifuniko kichwani. Nimeoga.”

Analia! Nimesoma mara tatu. Mwanamke niliyemdhania jiwe, kumbe anaumia kama mimi, analia, ananawa, halafu anauliza kesho tunarekebisha nini. Na kweli, kupitia dirishani nilimwona kwenye gari bovu la jirani, anageuza shingo: kioo cha kushoto, cha kulia, cha kushoto. Tangu asubuhi! Nilikaa sakafuni. Nilimwonea fahari, na nilijionea aibu.

Akanikuta bado nimelishika. Nilitamani ardhi inimeze. Akasema tu kwamba ningeomba ningepewa, na kwamba lingenifaa zaidi la kwangu. Akaniletea daftari jipya na kalamu! Watu wa aina hii hutoka wapi?

Nimetafakari sana. Siri nimeipata. Ni choo! Ila mama mkwe anakosea kidogo: analia baada. Mimi nitalia kabla. Nitashika usukani machozi yote yamekwisha. Sidhani kama kuna mtu amewahi kuwaza jambo hili.

Ijumaa, 7 Juni

Saa mbili asubuhi nilikuwa kwenye choo cha uwanja wa mtihani. Machozi yakagoma. Niliwaza koni. Hakuna. Niliwaza maneno ya shemeji. Hasira tu. Nikawaza zile kreti, miaka saba, na yakaja. Yakaja yote! Tatizo likawa kuyazuia. Waliniita jina mara tatu. Nilisikia, lakini nilikuwa na kwikwi, nikaona aibu kutoka.

Nilipotoka, mtahini akaniarifu kwamba asiyekuwepo amefeli. Ya nane, na usukani sikuugusa.

Lakini uwanja mzima ulikuwa unatazama upande mmoja. Mama mkwe alikuwa anarudi nyuma. Polepole. Kushoto, kulia, kushoto. Gari lilipita katikati ya koni bila hata moja kutikisika, likasimama kwenye mstari wake. Sijapata kuona kitu kizuri kama kile. Mtahini alisimama! Mlinzi alipiga makofi. Mimi nilianza kulia upya, na safari hii sikujificha.

Tajiri, aliyekuja kunishuhudia mimi, akauliza yule mama ni nani. Nikajipiga kifua: mama mkwe wangu! Heri ningenyamaza.

Jumamosi, 8 Juni

Alfajiri. Gari jipya. Mama mkwe kwenye usukani, mayai yake kapewa nafasi juu ya mikate. Mimi nyuma, na kreti.

Anapita vichochoro ambavyo dereva wa zamani alikuwa akiviogopa. Kila akisimama najikuta nampongeza kwa kupiga bodi ya gari. Sina kinyongo. Nilikitafuta tangu asubuhi, sikukipata.

Tulipomaliza kupakua akaniita mbele. Kasema tajiri amekubali: kila siku saa nzima, gari likiwa tupu, uwanja wa kiwanda ni wetu, anifundishe kurudi nyuma hadi mkono uzoee. Koni kaziazima tayari. Aliniambia, mwanangu, utaweza, nimekuona.

Nimemshukuru kwa heshima zote, nikamwambia asijisumbue. Kurudi nyuma si tatizo langu. Tatizo ni muda. Jumatatu nitaanza kulia saa kumi na mbili kamili.