Swali Lililomfufua Mabaka

Jumatatu, 7 Julai
Precious mjukuu wangu, mwaka mzima hujakanyaga hapa Turwa! Huko Mwanza wamekufunga kamba? Basi naandika, utasoma siku utakayoona aibu. Shule sikuiona, lakini Laurensia, nesi mpangaji wangu, kanifundisha herufi. Zinatosha.

Siri: ng'ombe wangu Mabaka hajafa! Shemeji Nyangwine anakusanya mahari ya kaka yako Rabson, kila nyumba ng'ombe mmoja. Nikasema wangu kafa. Nyangwine akanipa mbuzi wa kunifuta machozi. Mabaka yuko Busawe, kwa rafiki yangu Werema. Nimemwambia asiseme kitu. Rabson nampenda, lakini Rabson hakamuliwi.

Alhamisi, 10 Julai
Rabson kaja, kakonda. Wakwe walitaka tisa, wamepatikana wanane. Nikampikia kuku. Nikamuuliza huyo binti kampendea nini. Akaacha kula. Laurensia anasema vijana wanaita huko kuchokonoa: unauliza kisichokuhusu, jibu linakurukia mwenyewe. Nikamuuliza yeye mume wake yuko wapi. Chai ya jioni sikuletewa.

Jumamosi, 12 Julai
Wakwe wamefika. Wakazunguka zizi, wakakubali wanane! Vigelegele. Rabson machozi. Mimi kimya. Kimya kabisa. Lakini kifua kikaniwasha: mtu aliyetaka tisa anakubalije wanane? Nikauliza. Kwa kutaka kujua tu!

Baba wa binti akakaa chini upya. Akasema kumbe hata bibi wa bwana harusi ameona pengo. Aongezwe mmoja, la sivyo binti haolewi hapa. Rabson akaniangalia. Mungu wangu, yale macho.

Nikamrukia Werema, mshenga wetu. Nikamuuliza, wewe mwenye zizi zima, huwezi kutoa hata mmoja? Akajikuna kisogo. "Mama, uliniambia nisiseme. Hukuniambia nikiulizwa nidanganye. Nitoe wangu, au nimtoe Mabaka?"

Nyangwine akanigeukia.

Jumapili, 13 Julai
Mabaka kaondoka, hakugeuka nyuma. Rabson kanikumbatia mbele ya watu wote, kaniita mama. Nimelia. Kwa ajili ya ng'ombe, usidhani vingine.

Ila Nyangwine hajasema neno juu ya mbuzi wake. Neno! Kasahau? Kaniachia? Laurensia kanishika mkono: bibi, nyamaza. Nimenyamaza tangu saa nne. Inatosha. Kesho asubuhi nakwenda kumuuliza.

Ukija, lete sukari kilo mbili. Ukikuta kamba haina mbuzi, pita moja kwa moja jikoni ule. Usiulize.